Batisi jike wa Arabuko-Sokoke: kwa nini alama ya ramani haikutosha

Kisa chenyewe ni kidogo. Picha nne za ndege wa sentimita 10 hivi, zilizopigwa asubuhi ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, na mwanafunzi wa chuo aliyeshuka Pwani kutoka Nairobi wakati wa likizo. Chini ya picha aliandika Batis molitor, mmoja wa batisi, ndege wadogo wadaka-wadudu, ambaye humwona kila mara kwenye migunga ya kwao. Wenzake wawili wakampinga papo hapo. Wa kwanza akasema Pwani hakuna molitor, huyo ni Batis soror, tena alama ya ramani iliyowekwa na simu ya mwanafunzi imeangukia katikati ya miti ya mirihi, kwa hiyo hakuna la kujadili. Wa pili akasema Batis mixta, lakini alipobanwa atoe sababu akaishia kusema, "Namna anavyokaa tu." Nikaombwa nitazame.

Nimeamua kukiandika kwa urefu kwa sababu hoja ya yule wa kwanza ndiyo inayosikika kila batisi anapopigwa picha Sokoke: niambie ulikuwa kwenye miti gani, nami nitakuambia ni ndege gani. Ni hoja nzuri na mara nyingi huwa kweli. Lakini watu wanaipa uzito wa ushahidi wakati yenyewe ni dokezo, na kisa hiki kinaonyesha inavyoweza kumpeleka mtu pabaya hata kama kila alichosema kuhusu msitu ni sahihi.

Kwanza ndege wenyewe. Batisi ni wadogo, wamejaa kifuani, kichwa kikubwa, mkia mfupi, na wana barakoa nyeusi inayopita machoni. Mgongo kijivu, tumbo jeupe, na bawani kuna ukanda wa rangi tofauti unaoonekana hata kwa mbali. Wanaishi kwa kudaka wadudu: anatulia kwenye kijiti, anazungusha kichwa, halafu anaruka ghafla na kumnyakua mdudu chini ya jani. Akipita karibu nawe utasikia mabawa yakivuma, frrr, frrr. Vitabu vya zamani viliwaweka kundi moja na wadaka-nzi wengine. Siku hizi wamepewa familia yao, Platysteiridae, pamoja na ndugu zao wenye kinyama chekundu juu ya jicho. Dume wa karibu kila aina ana mshipi mweusi kifuani, na ndiyo maana madume husumbua sana kuwatenganisha. Jike ndiye mwenye rangi za kusema kitu. Bahati ya kisa hiki ni kwamba tulikuwa na jike.

Kuwaondoa wengine hakukuchukua muda. Huyu hakuwa na kinyama chekundu juu ya jicho, basi si Platysteira peltata. Hakuwa kijivu mwili mzima kama Muscicapa caerulescens, wala wa manjano kama Erythrocercus holochlorus, kale kadogo kanakopenda vilele vya msitu huu. Yule mgeni wa hudhurungi mwenye michirizi kifuani, Muscicapa striata, anayetujia kutoka Ulaya na Asia wakati wa baridi ya huko, hana barakoa. Batis minor ni ndege wa vichaka vikavu vya miiba. Na molitor wa Nairobi nilimweka kando mapema, ingawa si kwa sababu aliyoitoa rafiki yake. Jike wa molitor ana doa la kahawia-nyekundu kidevuni lililokatwa vizuri kama limebandikwa, halafu weupe, halafu mshipi wa rangi ileile kifuani. Vitu viwili vilivyotengana. Katika picha zetu hakukuwa na doa la namna hiyo.

Wakabaki wawili, soror na mixta. Hapo ndipo msitu unapoingia.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi, na ni miongoni mwa vipande vikubwa vilivyosalia vya misitu ya pwani iliyowahi kushika ukanda mrefu wa Afrika Mashariki. Ukipita kwenye lami ya Mombasa kwenda Malindi unauona msitu mmoja. Ukiingia ndani unakuta misitu mitatu iliyolala sambamba na bahari, na kinachoitenganisha ni udongo. Upande wa mashariki, karibu na Gede na Mida, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na misandarusi, na mvua ya kutosha, hadi milimita 1,000 kwa mwaka. Katikati umepita ukanda wa mchanga mweupe, mchanga maskini usioshika maji, na juu yake mirihi, Brachystegia spiciformis, imesimama kwa nafasi, jua likifika hadi chini. Kisha mchanga unageuka mwekundu. Hapo umefika kwenye mifunda, Cynometra, na miti ya jamii ya Manilkara: vigogo vyembamba, vimesongamana, vichaka vya kukwaruza mikono, na ukavu unaozidi kadiri unavyokwenda kaskazini-magharibi, ambako mvua hushuka hadi milimita 600 hivi.

Anayetembea hapo na mtembeza ndege mzuri, yaani kiongozi wa watazamaji wa ndege, huambiwa mambo haya kabla hata ya kufungua darubini. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1966, mtafute kwenye mchanga mwekundu. Chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster, ambaye ukivuka mpaka utamkuta tena Usambara Mashariki, mtafute juu ya vilele vya mirihi. Na batisi je? Soror kwenye mirihi, mixta kwenye msitu mzito, iwe wa mibambakofi au wa mifunda. Ndivyo ilivyo. Siyapingi hata moja kati ya hayo, na kama ungenilazimisha nibashiri bila kuona picha, nami ningetaja soror kwa alama ile ya ramani.

Picha lakini zilikuwepo, na nilizifungua kabla ya ramani. Huu ni utaratibu ninaoushikilia hata watu wakiniona mkaidi. Ukiangalia ramani kwanza, jicho litaanza kumtafuta ndege uliyekwisha kumtaja.

Picha ya kwanza ilipigwa kutoka chini, mwanga ukiwa nyuma ya ndege. Rangi zote zimekuwa giza. Ilifaa kwa kitu kimoja tu, mkia. Mixta ana mkia mfupi wa kuonekana wazi, kiasi kwamba ndege mzima anakuwa kama mpira wenye kipini. Mkia katika picha ulichungulia kidogo tu nyuma ya ncha za mabawa. Niliuandika, ila sikuusimamia, kwa kuwa ndege aliyeinama kuelekea kamera hufupisha mkia wake mwenyewe.

Ya pili ni ya mbele. Koo na kifua vina rangi ya kutu, na hapa palihitaji kukaa. Jike wa soror naye ana rangi hiyo kidevuni na kifuani, imepauka, na kingo zake hazijakatwa sana kama za molitor. Kwa hiyo kuona kutu kifuani peke yake hakuamui kitu, na nilishangaa kuona mmoja wao aliichukulia kama mwisho wa mjadala. Cha kutazama ni namna rangi inavyotandaa. Kwa soror utapata weupe kati ya kidevu na mshipi, hata kama ni mwembamba. Kwa mixta kutu inashuka kutoka kooni hadi kifuani bila kituo, kisha inafifia kuelekea ubavuni kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Katika picha ya pili sikuona weupe wowote wa katikati. Ila ndege alikuwa amejikunyata, manyoya ya koo yamelala juu ya kifua, na ndege aliyejikunyata anaweza kuficha mstari mwembamba kwa urahisi kabisa. Nikaipa alama nusu.

Picha ya tatu ndiyo iliyokuwa na kesi yote. Ndege yuko ubavu, bawa limefungwa, ukanda wa bawani umeonekana kuanzia begani hadi kwenye manyoya ya ndani. Ukanda ule si mweupe. Ni wa kutu.

Kwa soror ukanda huo ni mweupe kwa dume na kwa jike. Kwa mixta ni mweupe kwa dume, na kwa jike ni wa kutu. Hakuna alama nyingine ya mwilini inayotenganisha majike hawa wawili kwa usafi kiasi hicho. Na kwa sababu ni kubwa hivyo, ndiyo inayostahili kushukiwa kuliko zote. Nilijiuliza mambo mawili.

La kwanza ni mwanga. Jua la asubuhi hupaka kila kitu rangi ya chungwa, na kamera nyingi huongeza chumvi yake. Pengine ukanda ulikuwa mweupe na mwanga ndio ulioutia kutu? Jibu lilikuwa mwilini mwa ndege yuleyule. Tumbo chini ya mshipi lilikuwa jeupe safi, na upande wa juu wa barakoa kulikuwa na ufito mweupe vilevile. Mwanga hauchagui. Ungetia rangi bawa, ungetia na tumbo. Kuna pia ule mwanga unaoakisiwa na ardhi, ambao wapiga picha wa mchanga mwekundu wanaujua vizuri; lakini huo hutoka chini, kwa hiyo hushika tumbo kwanza kabla ya bawa. Tumbo lilikuwa jeupe. Hoja ya mwanga ikaanguka.

La pili ni umri, na hili ndilo linalowapita wengi. Makinda ya batisi waliotoka kiotoni karibuni huwa na madoa ya rangi ya mchanga kichwani na mgongoni, na ukanda wa bawa nao hutiwa rangi hiyo. Kinda wa soror kwa hiyo anaweza kukuonyesha bawa lisilo jeupe ukaapa umempata mixta. Nikarudi kichwani kwa ndege wetu. Utosi ulikuwa wa kijivu mtupu, bila doa hata moja. Picha ya nne, ingawa ilitikisika, ilionyesha mgongo: kijivu chenye kuelekea ukahawia, bila madoa ya ukinda, na bila ule mchanganyiko wa weupe unaoonekana mgongoni kwa soror. Huyu alikuwa mtu mzima.

Jicho nimeliacha mwisho kwa makusudi. Vitabu vinasema soror ana jicho la njano na mixta jicho la wekundu au chungwa, na watu hulikimbilia hilo kwanza kwa kuwa ni rahisi kulisema. Mimi siliamini sana katika picha ya simu au kamera ndogo. Jicho la batisi ni dogo, limezungukwa na barakoa nyeusi, na nukta chache za rangi kando ya weusi mkubwa hubadilishwa na kamera inavyotaka. Picha ya tatu ilionyesha rangi ya chungwa lililoiva. Inakubaliana na bawa. Isingekubaliana, ningelifuata bawa.

Hadi hapo jibu lilikuwa mixta, jike, mtu mzima. Lakini alama ya ramani ilikuwa bado imekaa katikati ya mirihi, na yule wa kwanza alikuwa na haki ya kuuliza: mixta anafanya nini huko?

Kulikuwa na majibu matatu yanayowezekana. Ama nimesoma picha vibaya, ama mixta aliingia kwenye mirihi, ama alama ya ramani ina uongo. Nilimwomba mwanafunzi aniletee picha zote za asubuhi ile kama zilivyofuatana kwenye kamera, pamoja na zile mbaya ambazo huwa watu wanazifuta. Hizi mbaya ndizo zenye faida. Zilizotangulia picha za ndege zilikuwa za kinyesi cha tembo katikati ya njia, kibichi, mbawakawa wameshaanza kukishughulikia. Saa 1:35 asubuhi. Ndege alipigwa saa 1:41. Na ardhi iliyozunguka kinyesi kile ilikuwa nyekundu kama tofali.

Nikamwuliza jina la ndege aliliingiza saa ngapi kwenye programu ya simu. "Tulipoketi kunywa maji," akasema. Hiyo ilikuwa saa mbili na nusu karibu, na wakati huo walikuwa wamegeuza njia kurudi, wamekaa kwenye kivuli cha mrihi, juu ya mchanga mweupe. Programu ilifanya kazi yake sawasawa: iliweka alama mahali simu ilipokuwa wakati wa kuandika. Ndege alikuwa nyuma yao, mwendo wa karibu saa nzima.

Hata hivyo sikutaka kubadilisha uongo mmoja kwa mwingine. Barabara za msituni huweza kumwagiwa murram kutoka mahali pengine, na udongo mwekundu wa njiani usiwe udongo wa msitu. Picha ya kinyesi ilikuwa imechukua na ukingo wa njia. Kule hakukuwa na gome la mrihi wala nafasi kati ya miti. Kulikuwa na vigogo vyembamba vimebanana, na majani makavu yaliyoanguka juu ya wekundu uleule, hatua kadhaa kutoka njiani. Walikuwa wameingia kwenye mifunda, au ukingoni pake.

Mtembeza ndege aliyekuwa nao, mzee wa Kigiriama anayeufahamu msitu ule kwa miguu, alikuwa ameshasema jambo lake siku hiyohiyo na hakuna aliyeliandika. Mwanafunzi alilikumbuka nilipouliza kuhusu sauti. Alisema, "Kijana, huyo wa chini si yule wa juu ya mirihi. Sikiliza, huyu ana mluzi mmoja tu." Wakasikiliza: mluzi mfupi, wa chini, unaorudiwa na kurudiwa bila kupanda wala kushuka. Soror naye hurudia sauti moja, ila yake ni kali zaidi, ya juu. Na molitor wa Nairobi hushusha sauti kwa ngazi, mara nyingi tatu, na mtu aliyemzoea huyo angesikia tofauti mara moja. Sauti isiyorekodiwa naipa uzito mdogo, hata ikitoka kwa mtu anayejua kuliko mimi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuirudia kesho. Lakini urefu kutoka ardhini naukubali: ndege alikuwa usawa wa kifua cha mtu, ndani ya vichaka. Soror hupenda kufanya kazi juu zaidi, kwenye matawi ya mirihi.

Kwa hiyo rafiki wa kwanza hakukosea kuhusu msitu. Alikosea kudhani kwamba alijua ndege alikuwa msitu upi.

Sasa nirudi kwenye lile jibu la katikati, kwamba mixta huweza kuingia kwenye mirihi. Katika kisa hiki halikuhitajika. Lakini lingekuwa na nafasi, na hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wale wa "niambie miti." Mpaka kati ya mchanga mweupe na mwekundu si ukuta. Sokoke ina tabia ya ndege kutembea kwa makundi mchanganyiko: Prionops retzii weusi wenye pete nyekundu machoni wanaongoza, Prionops scopifrons wanafuata, na nyuma yao vigogota, machozi na wadaka-wadudu. Batisi wanaishi wawili wawili katika eneo lao, hawahami, ila kundi likipita eneo lao huungana nalo kidogo kabla ya kurudi. Jozi yenye makao ukingoni itaonekana pande zote mbili. Tena mpaka wenyewe umebadilika. Sehemu ya mifunda ilikatwa sana muhuhu kwa ajili ya vinyago, na miti ya ujenzi imetolewa kila upande. Mahali palipokuwa pazito pamefunguka, na mahali palipofunguka pamejaa vichaka vipya. Ramani ya uoto inayoonyesha mistari mitatu safi ni mchoro wa mwaka ilipochorwa.

Msitu huu umeshatufundisha hilo kwa ndege mwingine. Kwera wa Clarke, Ploceus golandi, kwa miaka mingi alijulikana kama ndege wa mirihi. Watu walimtafuta kiota chake juu ya mirihi wasikipate. Mwaka 2013 viota vikapatikana kwenye kinamasi huko Dakatcha, kaskazini ya Sokoke, vimefungwa kwenye majani ya majini. Mirihi ilikuwa mahali anapolia chakula. Mahali pa kuzalia palikuwa pengine kabisa.

Na kuna ubaya mwingine wa kutaja ndege kwa miti, ambao hauonekani kwenye kisa kimoja bali kwenye elfu. Orodha za watu kama mwanafunzi huyu huingia kwenye ramani ya ndege wa Kenya, ambayo imegawa nchi katika viraba vya kama kilomita 9 kwa 9. Kiraba kimoja cha Sokoke kinaweza kubeba mchanga mweupe na mwekundu kwa pamoja. Kama kila batisi wa mirihi anaandikwa soror kwa sababu ni wa mirihi, baada ya miaka kumi takwimu zitathibitisha kwamba mirihi ina soror peke yake. Tutakuwa tumejithibitishia tulichodhani tangu mwanzo, na mixta akiingia kweli kwenye mirihi kwa sababu ya ukataji au ukame, hakuna atakayemwona. Ndege atambuliwe kwa mwili na sauti. Makazi yaandikwe kando, kama taarifa ya pili. Hapo ndipo taarifa hizo mbili zinapoweza kushuhudiana.

Nje ya Kenya mambo haya yana historia. Mixta alielezwa kisayansi mwaka 1889, soror mwaka 1903, na kwa muda mrefu soror alihesabiwa kama tawi la molitor tu. Mixta naye alibeba ndani yake ndege wa pili bila mtu kujua: batisi wa milima ya kusini ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, Uluguru na Udzungwa wakiwemo, walitengwa mwaka 2006 na kuitwa Batis crypta, kazi ya Fjeldså, Bowie na Kiure. Waliishi msitu wa aina ileile, wakafanana kwa mbali, wakaitwa jina moja kwa zaidi ya karne. Na watu wa Lindi na Mtwara wana wao wa kubishania, reichenowi, aliyeelezwa mwaka 1911 kutoka Mikindani, ambaye wengine wanamhesabu kama spishi kamili na wengine hapana. Yeyote anayedhani batisi wa misitu yetu wamekwisha kupangwa asome hayo kwanza.

Nilichomwambia mwanafunzi ni cha vitendo. Ukiona batisi, piga picha ya bawa kabla ya uso. Subiri ageuke. Ukimpata dume peke yake, usikimbie. Jike hayuko mbali, kwa kuwa wanatembea wawili. Kabla ya kuondoka, elekeza kamera miguuni kwako upige ardhi, kisha juu upige miti, bila kujali uzuri wa picha. Washa kinasa sauti cha simu hata kama unasikia upepo tu. Jina la ndege liandike hapohapo uliposimama, na kama haiwezekani, hamisha alama kwa mkono ukifika nyumbani.

Orodha yake ilisahihishwa. Ndege wa saa 1:41 aliingia kama Batis mixta, jike, na alama ikasogezwa magharibi hadi kwenye mchanga mwekundu, pamoja na maelezo kwamba ukanda wa bawa ulionekana. Lakini orodha ileile ilikuwa na batisi wa pili, dume, aliyepigwa picha moja kwa mbali walipokuwa wamepumzika chini ya mrihi: barakoa, mshipi mweusi, ukanda mweupe, jicho halionekani, mgongo umefichwa na jani. Wenzake walitaka aandikwe soror, maana huyu kweli alikuwa kwenye mirihi, alama haina shaka, na mchanga chini ni mweupe. Nilikataa. Dume wa mixta naye ana mshipi mweusi na ukanda mweupe, na ukingo wa mifunda haukuwa mbali. Ameandikwa "batisi," bila jina la pili.